Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo: kamera ilichaguliwa kabla ya swali

Kisiwa cha Ukara,
Wilaya ya Ukerewe.

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,
(jina la chuo nalihifadhi, wewe unajijua, na sisi tunajijua)
Mwanza.

YAH: UCHAGUZI WA MIFUMO YA KUPIMIA WANAFUNZI WA KOZI ZA MTANDAONI

Mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Naiandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimenishinda. Tangu matokeo ya muhula uliopita yatoke nimemwandikia ofisa wa mitihani barua pepe mara tatu, nimempigia simu mkufunzi wa somo, na likizo ya Juni nikapanda meli hadi Mwanza, nikakaa kwenye benchi la ofisi yenu ya mitihani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Nilichojibiwa, kwa adabu kabisa, ni maneno manne: "Mfumo ndio umeamua hivyo."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na somo nililoandikiwa sapu (mtihani wa marudio) linaitwa Upimaji na Tathmini. Huwa nacheka peke yangu nikilikumbuka hilo, maana ninachokilalamikia ndicho hasa mlichonifundisha. Mlitufundisha kwamba mpimaji huanza kwa kujiuliza anataka kupima nini, kisha anampima nani, ndipo atafute kipimo. Fundi cherehani hashoni suruali kwanza kisha akazunguka mtaani kutafuta mtu wa kumtosha. Ninyi mlinunua programu ya kamera ya kumtazama mtahiniwa akifanya mtihani kwa mtandao, halafu mkatunga mtihani wa kuitosha programu, halafu mkatutafuta sisi.

Haya ndiyo ninayoyalalamikia.

1. Mfumo haukuwatazama watakaoutumia

Ninakoishi, mtandao upo wa kutuma ujumbe na kupokea picha moja moja. Wa kurusha video saa mbili mfululizo haupo. Kwa hiyo siku moja kabla ya mtihani nilivuka hadi Bugolora, nikapanda gari hadi Nansio, nikalipia chumba cha gesti. Kompyuta nikaazima kwa mtu, kwa sababu programu yenu ya usimamizi haifunguki kwenye simu wala kwenye kishikwambi.

Kishikwambi ninacho. Ni kimojawapo cha vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, vikagawiwa walimu baada ya kazi ile kwisha. Kundi letu la mtandaoni limejaa walimu walio kazini. Kifaa ambacho ungemkuta nacho mwanafunzi wenu wa Ukerewe, wa Kwimba na wa Magu bila kumkopesha senti, ndicho hicho mfumo wenu uliokikataa mlangoni. Sijui kama kuna mtu aliyeuliza swali hilo kabla mkataba haujasainiwa. Mimi sikuulizwa, na sijampata mwenzangu aliyeulizwa.

Sasa tupige hesabu ya bando. Video ya ubora wa kawaida hutumia kama megabiti 1 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja, gawa kwa 8, unapata megabaiti 450. Mtihani wa saa mbili ni megabaiti 900. Na hizo si za kushusha, ni za kupandisha, upande ambao mitandao ya simu huwa na pumzi fupi zaidi. Zote hizo ni kwa ajili ya kamera. Majibu yangu mwenyewe, yote sitini, yangeingia kwenye ujumbe mmoja wa simu.

Dakika ya 47 mtandao ukakata. Uliporudi, dakika 11 baadaye, saa ya mtihani ilikuwa imeendelea kuhesabu na ripoti ilikuwa imeandika kwamba mtahiniwa aliondoka kwenye chumba cha mtihani. Mtahiniwa alikuwa palepale, simu ameiinua dirishani anatafuta mnara.

Wa mjini asidhani hili ni la wavuvi na walimu wa visiwani. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya nchi ilizorota kila mahali. Siku ile hata mkazi wa Capri Point, mtaa wa Mwanza mjini, alikuwa kisiwani pamoja nasi. Mtihani unaodai mtandao usiyumbe kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho unapima bahati.

2. Kamera inaona isivyopaswa kuona, na haioni inavyopaswa kuona

Ripoti yangu ina onyo la "nyuso zaidi ya moja" mara 19. Nilipokazana kuomba ushahidi nikaletewa picha chache. Nikazitazama. Nyuma yangu, kwenye ukuta wa gesti, kulikuwa na kalenda ya kwaya: watu kama thelathini wamevaa majoho, wote wanatabasamu. Kama kuna aliyenipa jibu kati yao, basi ni yule mama wa sauti ya kwanza aliyesimama mstari wa mbele.

Hilo nalicheka. La mwenzangu wa Sengerema silicheki. Yeye ni mweusi wa rangi ya asili ya kwetu, na chumba chake kina dirisha moja. Mfumo ulimwambia tena na tena kwamba uso wake hauonekani, mpaka akawasha tochi ya simu akaielekeza usoni mwake na kufanya mtihani mzima hivyo, macho yanamchuruzika. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima programu tatu za kibiashara zinazobashiri jinsia ya mtu kwa kuangalia sura. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, makosa yalifika asilimia 34.7 katika programu moja. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe, hakuna programu iliyozidi asilimia 0.8. Najua zile zilikuwa za kubashiri jinsia, si za kusimamia mitihani, na miaka imepita. Lakini anayenunua programu ya kutazama sura za watu wa Kanda ya Ziwa ana wajibu wa kumuuliza muuzaji: imejaribiwa kwa sura za nani?

Kuna mwanafunzi wa Vrije Universiteit, Amsterdam, aliyelalamikia jambo kama hilohilo la taa na uso. Shauri lake lilikwenda kwenye taasisi ya haki za binadamu ya Uholanzi, na Oktoba 2023 ikatoa uamuzi: haikuthibitika kwamba programu ilimbagua, lakini chuo kilikosea kwa kutoyashughulikia malalamiko yake kwa uangalifu. Mheshimiwa, naomba uisome sehemu ya pili mara mbili. Ndiyo iliyonileta hapa.

3. Swali lenyewe

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo ofisi yenu haitaki kufika, maana kila tukitaja mtihani tunajibiwa habari za kamera.

Mtihani ulikuwa na maswali 60 ya kuchagua, kila moja na majibu manne. Mtu asiyejua kitu, akichagua akiwa amefumba macho, kwa wastani atapata 15. Mojawapo lilitaka tuchague jina la mtaalamu aliyeongoza uainishaji wa malengo ya ujifunzaji uliochapishwa mwaka 1956. Ni Benjamin Bloom. Nililipata. Mtoto wangu wa darasa la sita naye angelipata kwa sekunde tano akiwa na simu. Na hao wanaopiga chabo, ambao kamera ilinunuliwa kwa ajili yao, huiweka simu ya pili pembeni ya kompyuta, mahali ambapo kamera haifiki. Kila mwanafunzi wa mtandaoni analijua hilo. Nadhani hata aliyewauzia programu analijua.

Ukiuliza swali ambalo jibu lake linaokotwa, lazima uweke mlinzi. Ndiyo mantiki ya mfumo wote huu. Hamkuwa na shida ya ulinzi, mlikuwa na shida ya swali, na kwa kuwa mlinzi anauzwa na swali zuri haliuzwi, mkanunua mlinzi.

Nipeni hili badala yake: "Darasa la nne lina wanafunzi 80. Swali la 7 limepatwa na wengi wa walioshika mkia na kukoswa na wengi wa wanaoongoza. Eleza kimetokea nini, na utafanya nini kabla ya kutangaza matokeo." Hapo niachieni vitabu, simu, na hata kwaya nzima. Mwalimu aliyeiva atakwambia aanze kwa kuukagua ufunguo wa majibu, maana huenda umekosewa. Kisha asome maneno ya swali, maana huenda yana maana mbili na mtoto mwerevu ndiye aliyeiona ile ya pili. Ufunguo ukiwa sawa na maneno yakiwa sawa, akawaulize watoto walifikiri nini. Na asimpe mtu alama za swali lile mpaka amalize. Aliyekariri ataandika maana ya kipimo cha kutofautisha (kinachoonyesha kama swali linawatenga wanaoongoza na walioshika mkia), neno kwa neno, na bado hatajua afanye nini Jumatatu asubuhi.

Mtasema akili mnemba italijibu hilo pia. Italijibu, na vizuri. Ndiyo maana swali lazima lishuke hadi darasani kwangu: tuambieni wanafunzi tulete matokeo ya jaribio tulilolitunga wenyewe, pamoja na jedwali la kutahini (mpango wa mada na maswali yake) tulilolitumia, pamoja na picha za madaftari manne, kisha mkufunzi ampigie kila mmoja simu dakika kumi amuulize kwa nini swali la 7 liko pale. Mtu anaweza kuandikiwa ripoti. Kuulizwa kuhusu darasa lake mwenyewe na asijue majina ya watoto wake, hilo halifichiki.

4. Programu ya kunusa akili mnemba

Kazi yangu ya muhula, kuhusu kufundisha kusoma watoto wa darasa la kwanza wanaozungumza Kikara nyumbani, ilirudishwa na muhuri kwamba asilimia 78 imeandikwa na mashine. Kiingereza ni lugha yangu ya tatu. Naandika sentensi fupi kwa sababu ndizo ninazoziamini, na maneno ya kawaida kwa sababu ndiyo niliyonayo.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipa programu 7 za aina hiyo insha 91 zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. OpenAI yenyewe, waliotengeneza ChatGPT, waliitoa programu yao ya kutambua Januari 2023 na Julai mwaka huohuo wakaiondoa kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Agosti 2023 Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kikaizima ya kwao baada ya hesabu rahisi: kilipokea kazi 75,000 mwaka 2022, na kama programu inakosea kazi 1 tu katika kila 100, kazi 750 hivi za wanafunzi zingesingiziwa. Vanderbilt wanasoma kwa Kiingereza tangu chekechea. Sisi je?

5. Sheria

Kwa kifupi, kwa kuwa mimi si mwanasheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Taarifa za kibayometriki, yaani za maumbile ya mwili kama sura, zimo kwenye kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida huhitaji ridhaa ya maandishi ya mwenyewe. Sheria hiyohiyo inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomgusa kwa uzito usitolewe na mashine peke yake. Nilichopewa mimi ni kitufe cha "Nakubali". Pembeni yake hapakuwa na kitufe kingine. Kisha nikaamriwa niizungushe kamera chumba kizima hadi uvunguni mwa kitanda. Huko Ohio, Marekani, Agosti 2022, jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba chuo kikuu cha umma cha Cleveland State, kwa kukagua chumba cha mwanafunzi kwa kamera namna hiyo, kilivunja kinga yake ya kikatiba dhidi ya upekuzi usio na sababu. Video ya chumba changu cha gesti iko wapi sasa, inatunzwa na nani, itafutwa lini? Niliuliza hayo kwenye barua pepe ya pili.

NAJUA MTAKACHONIJIBU

Kwamba wanafunzi wanadanganya. Ni kweli, na sitawatetea. Wapo wanaofanyiwa kazi zote na steshenari, wanalipia na risiti wanapewa. Lakini nawaomba mnionyeshe: katika walioandikiwa maonyo muhula ule, wangapi walithibitika? Sisemi nina takwimu. Ninyi ndio mnazo.

Kwamba mkataba umeshalipiwa. Basi umelipiwa. Mtu akinunua mtumbwi unaovuja haendelei kuupandisha abiria ili ipatikane thamani ya pesa yake.

Kwamba wakufunzi hawatoshi kusahihisha maandishi. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, maana mimi mwenyewe najua madaftari 80 yanavyochosha mkono. Ndiyo maana siombi insha tano kwa kila somo. Chukueni kundi la wanafunzi 120. Mahojiano ya dakika 10 kwa kila mmoja ni saa 20. Wakufunzi wanne, kila mmoja saa 5. Nina hakika saa zilizotumika kutazama video zetu na kujibu rufaa zetu zilizidi hizo, kama kweli kuna aliyezitazama. Na maswali ya kuchagua yabaki, ila yabaki kwenye mazoezi ya kila wiki, ambako mtu akikosea anajifunza.

Kwamba hakuna mbadala. Mbadala mnao. Moodle, programu ya masomo tunayosomea, inatolewa bure tangu Martin Dougiamas wa Australia alipoitoa mwaka 2002, na programu yake ya simu inaweza kumruhusu mwanafunzi apakue jaribio, alijibu bila mtandao, kisha atume akipata mnara, mkufunzi akiiwasha ruhusa hiyo. Jaribio la namna hiyo halina saa ya kuhesabu dakika, kwa hiyo halifai mtihani wa mwisho. Kwa mazoezi linatosha sana. Na mtihani wa mwisho? Karatasi, Mheshimiwa. Karatasi, dawati, na msimamizi mwenye macho mawili. Mtihani wa darasa la saba unafika Ukara kila mwaka na kurudi salama. Chuo Kikuu Huria, ambacho kimekuwa kikifundisha watu wa mbali tangu miaka ya 1990, kina vituo mikoani na watu wanakwenda kukaa mtihani huko. Kusoma kwa mtandao hakumlazimishi mtu apimwe kwa mtandao.

TUNACHOOMBA

Kwanza, matokeo yote ya muhula uliopita yaliyofutwa au kupunguzwa kwa onyo la kamera au la akili mnemba yapitiwe upya na binadamu, mwanafunzi akiwepo kwa simu, ndani ya siku 30. Mpaka hapo sapu zisimamishwe.

Pili, programu ya kunusa akili mnemba izimwe. Hii haihitaji kikao.

Tatu, mitihani ya mwisho ya muhula ujao ifanyike kwenye vituo: Nansio, Sengerema, Ngudu, Magu na Mwanza mjini, kwa kuazima madarasa ya sekondari siku za Jumamosi. Wa Sengerema sasa wana daraja la Kigongo–Busisi na wanaweza kuchagua kuja mjini. Sisi wa visiwani bado tunaishi kwa ratiba ya meli, kwa hiyo mtihani wa Nansio usianze kabla ya saa tano.

Nne, kabla ya kununua mfumo mwingine wowote, ujaribiwe kwanza na wanafunzi kumi mtakaowachagua makusudi kwa shida zao: wa kishikwambi, wa chumba chenye giza, wa kijiji kisicho na mnara, mwenye mtoto mchanga, asiyeona vizuri. Wakiushinda wao, tutauweza wote. Na muuzaji aandike kwenye mkataba video zinakaa wapi na zinafutwa siku gani.

Tano, nijibiwe barua pepe ya pili.

Likizo ya Desemba nitapanda meli tena. Benchi la ofisi ya mitihani nalijua, la kushoto lina mguu unaocheza. Safari hii naomba nimkute mtu, si mfumo.

Wako katika kazi ya ualimu,

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, kozi za mtandaoni,
Ukara.

Nakala: Baraza la Taaluma la chuo, wawakilishi wa wanafunzi wa kozi za mtandaoni.